Dawa ya Mende kwenye Mrehani

Shemeji yangu amepuliza dawa ya mende kwenye mirehani ya mke wangu. Yote mitatu. Naandika nikiwa nimeshapoa, siku ile ningevunja kitu.

Tangu ile homa kubwa impate, mke wangu hakuwa ananusa chochote. Maziwa yanaungua jikoni, naye yuko hapo hapo anamenya vitunguu, hana habari. Chakula kwake kikawa kama karatasi, akaanza kukonda. Daktari akamwambia ajizoeze kunusa kitu chenye harufu kali kila asubuhi. Ndiyo nikapanda mirehani kwenye makopo ya rangi niliyoyatoboa chini kwa msumari, nikayapanga dirishani penye jua.

Kazi yangu ni kushona makochi, si kilimo, lakini nilijifunza. Unamwagilia udongo ukikauka, si kila unapopita. Ua likichomoza unalikata, mmea usije ukaacha kutoa majani. Vidukari vikijazana chini ya jani, unavifuta kwa maji yenye sabuni kidogo, jani kwa jani.

Kila asubuhi mama watoto alisugua jani, akanusa. "Hamna." Wiki iliyopita akasema, "Kama kuna kitu, kwa mbali." Nilienda kazini nacheka peke yangu kama chizi.

Ndipo kaka yake akaja kutusalimia. Nikarudi jioni nikakuta majani meusi, kama yamemwagiwa chai ya moto.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Wadudu ulikuwa unawafuga."

"Hii ni dawa ya mende!"

"Mdudu ni mdudu. Kwani anasoma kopo?"

Mke wangu akatoka chumbani kusikiliza kelele. Alipofika mlangoni akakunja uso.

"Nani kapuliza dawa humu? Inanuka mpaka kooni."

Akajishika pua, akatuangalia. "Nimenusa," akasema, akaanza kulia.

Na yule bwana, bila hata haya, akajipiga kifua: "Si unaona! Wewe miezi yote unahangaika na majani, mimi nimemponya kwa mpulizo mmoja!"

Akapigia simu ukoo mzima. Mama mkwe naye kanipigia, eti nimshukuru mwanawe. Nimshukuru! Mimi niliyefuta vidukari kwa kidole mpaka macho yakauma, leo daktari ni yeye. Na mke wangu, harufu ya kwanza kumrudia vizuri ni sumu. Usiku alisema anatamani ile ya mrehani, maana ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Basi hasara ni hii. Mirehani mitatu imekufa. Udongo nimeumwaga wote. Kimebaki kijiti kimoja nilichokuwa nimekitia kwenye glasi ya maji bafuni kitoe mizizi, kina majani manne. Asubuhi hii mke wangu kachuma jani moja, kalisugua, kalinusa huku amefumba macho. Yamebaki matatu.