Kiraka cha Nyuzi Thelathini na Moja

Saa saba na robo mchana karani wa kituo cha hali ya hewa alirudi nyumbani kula, akatundika kofia yake kwenye msumari, na kabla hajavua viatu wala kumjulia hali mkewe akasema, "Ishirini na saba." Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na wakati huo alikuwa ameshika mwiko, alifuta mikono, akavuta droo ya pili ya meza ya cherehani na kutoa kitambaa cha kijani. Alikata kiraka cha mraba chenye upana wa kiganja, akakiwekea pasi baridi juu kisije kikapeperuka, kisha akapakua chakula.

Ndivyo walivyofanya kila siku tangu mwaka uanze. Mshonaji alikuwa amejipa kazi ya kushona mfarishi, lile blanketi nene la viraka, na huu wake uwe na kiraka kimoja kwa kila siku ya mwaka, rangi yake itokane na joto la adhuhuri. Siku za chini ya nyuzi ishirini zilikuwa buluu. Kutoka ishirini hadi ishirini na saba kijani, kisha njano mpaka thelathini na mbili, kisha rangi ya chungwa mpaka thelathini na saba. Kuanzia thelathini na nane ni nyekundu. Nyuma ya kila kiraka aliandika tarehe na nambari kwa penseli. Vitambaa vyote alivinunua siku moja, na alikuwa mkali navyo kama askari wa getini. Hata mama mkwe alipojikata kidole hakupewa kipande cha kukifungia.

Kufikia mwezi wa tatu viraka vilikuwa vimeshika joto la siku zao. Vya buluu vilikuwa baridi, vya njano vilikuwa na uvuguvugu, na ukijifunika ulisikia wiki moja ikikupoza bega huku nyingine ikikupasha goti. Jirani wa kushoto akaanza kuleta uji wa mtoto aupoze juu ya siku za mvua za mwezi wa kwanza. Mwoka mikate wa barabara ya pili akaomba kuumulia unga wake juu ya mwezi wa pili. Mshonaji alikubali, mradi wanawe mikono. Mama mkwe alieleza kwamba pamba ndivyo ilivyo ukiifua kabla ya kuikata, na hakuna aliyeongeza neno.

Kilichomtia shaka mshonaji hakikuwa joto. Kilikuwa soksi. Mumewe alikuwa mtu wa kulala miguu wazi, miaka kumi na tisa ya ndoa, akilalamika hata shuka jepesi likimgusa vidole. Sasa, tangu mwezi wa kumi, kila alipojinyoosha baada ya chakula alivaa soksi za sufu. Alipoulizwa alisema ni umri. Mwanamke aliyeolewa siku nyingi anajua kwamba mwanamume akianza kuusingizia umri kuna kitu amekikalia. Mshonaji alifikiria moja kwa moja kwamba kuna mwanamke mahali fulani anayemfumia soksi. Alizinusa. Zilinuka soksi.

Siku moja mume akiwa kazini alikagua kitanda upande wa miguuni. Mfarishi ulikuwa ukikua kuelekea chini, na pale miguuni ndipo ulipoishia, mwezi wa kumi wote ukiwa mistari miwili. Alipitisha mkono. Kiraka kimoja cha rangi ya chungwa kilimfanya aurudishe mkono upesi. Kwanza alijishuku mwenyewe, maana naye alikuwa amefika umri wa mwanamke kupandwa na joto bila sababu, basi akanawa kwa maji ya mtungi na kujaribu tena. Halafu akamshuku muuza vitambaa. Halafu akaenda kwa muuza vifaranga na kuazima kipimajoto cha mashine yake ya kuatamia mayai, akarudi, akafunga mlango, na kukilaza juu ya kila kiraka, kimoja kimoja, huku akisoma penseli kwa nyuma.

Miezi tisa ya kwanza penseli na kipimajoto vilikubaliana kabisa. Mwezi wa kumi vilikosana. Kilichoandikwa thelathini na sita kilipima arobaini. Thelathini na saba kilipima arobaini na moja. Thelathini na tano, thelathini na tisa. Alihesabu viraka kumi na vitatu vilivyosema uongo, na vyote vilisema uongo wa upande mmoja. Akavuta droo. Kitambaa chekundu kilikuwa kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, pini ya duka ingali imekibana.

Pale mjini nambari ya adhuhuri haikuwa ya kujifurahisha. Ikifika thelathini na nane, karani alipaswa kupandisha bendera nyekundu kwenye mlingoti wa kituo, na kila afanyaye kazi juani ateremke na kukaa kivulini hadi saa kumi. Ilikuwa sheria, na mafundi walikuwa wakiutazama ule mlingoti kuliko walivyowatazama wake zao. Miaka mingine bendera ilipanda mara kumi, mara kumi na tano. Mwaka huu haikupanda hata mara moja, watu wakasema mwaka umekuwa wa huruma. Mwezi wa kumi ndio mwezi ambao soko jipya lilikuwa likiezekwa mabati, na siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Ndio mwezi pia ambao karani alipewa cheo cha mkuu wa kituo na kiti cha kuzunguka. Mshonaji alikumbuka alivyompelekea chakula, na mumewe akazunguka mara mbili mbele yake, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Kilibaki kiraka kimoja ambacho alikuwa amekiruka. Kilikuwa cha njano, cha tisa katika mwezi. Penseli ilisema thelathini na moja.

Hiyo ilikuwa siku aliyoanguka Paka. Paka alikuwa mdogo wa mshonaji, tumbo moja, fundi wa mapaa, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa jinsi alivyotembea juu ya kenchi, zile mbao za paa, mikono mfukoni. Aliporomoka kutoka paa la soko saa saba kasoro robo. Barua ya ofisi ya kazi ilisema kwamba siku ilikuwa ya joto la wastani, bendera haikupandishwa, na mtu mzima hazimii kwa nyuzi thelathini na moja, kwa hiyo marehemu alikuwa amelewa. Na kweli Paka aliwahi kunywa, tena sana. Aliacha miaka sita kabla. Watu wakasema kumbe alikuwa akijificha. Watoto wake wawili wakawa wanadhihakiwa shuleni, wenzao wakiyumba mbele yao kila kengele ikilia.

Na mshonaji naye aliamini. Hili ndilo lililomuuma kuliko yote. Siku ya tatu ya matanga alimwambia mjane wa Paka, mbele ya watu, "Wifi, mimi nilijua tu ataurudia ulevi." Mjane alimtazama, akaendelea kukunja mikeka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana.

Akalaza kipimajoto juu ya kile cha njano. Zebaki ilipanda taratibu, ikasimama kwenye arobaini na tatu. Mshonaji akakaa kitandani. Alimwonea mdogo wake uchungu, akajionea aibu, na akamchukia mumewe kwa muda wa dakika nne hivi, mpaka sufuria ilipoanza kuungua jikoni ikabidi ainuke.

Karani alipoingia alikuta mfarishi umetandazwa juu ya meza ya chakula na hakuna sahani.

"Kabla hujasema nambari yako," mkewe alimwambia, "toa soksi. Najua unazo kwenye mfuko wa koti."

Karani alizitoa mfukoni na kuziweka mezani. Hakuuliza zina kosa gani. Alivuta kiti, akakaa.

"Wenye ujenzi walisema ni siku chache tu, mpaka paa liishe," alisema. "Nyuzi tatu, nne. Nani anakufa kwa nyuzi tatu nne?"

"Siku ya Paka zilikuwa kumi na mbili."

"Siku ile niliandika kabla sijasoma. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amekuja mapema, amesimama mlangoni na kofia yake. Nikaandika namba nzuri ili aondoke. Nilipotoka kusoma, wino ulikuwa umeshakauka."

Mkewe akamwuliza kama atayasema hayo mbele ya afisa wa kazi. Karani alizirudisha soksi mfukoni. Alisema atasema. Alikula wali wenye harufu ya kuungua bila kunung'unika, akarudi kazini, na mkewe akawa hajui amwamini kwa kiasi gani.

Jioni hiyohiyo mshonaji alikwenda kwa mjane, akamkuta anafua. Hakuzunguka mbuyu. Alimweleza habari ya bendera, soksi, kipimajoto cha vifaranga, na nambari mbili za siku moja. Kisha akasema, "Wifi, nilimkosea ndugu yangu, na wewe nikakukosea zaidi." Mjane alikamua shati la mtoto mpaka likakoma kutoa maji. Hakusema amesamehe. Aliuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Afisa wa kazi alikuwa mtu wa adabu. Aliwapa viti, akaagiza mfarishi utandazwe, akainamia kile kiraka cha njano na kukigusa kwa mgongo wa mkono kama mtu anayemgusa mgonjwa. Alitoa kipimajoto cha ofisi, akakilaza hapo, akangoja dakika tano kwa saa ya mkononi. Akasema ni arobaini na tatu, hakuna ubishi, na akaandika hivyo kwenye karatasi. Aliuliza pamba ilifuliwa kabla au baada ya kukatwa. Mshonaji akajibu kabla.

Kisha karani akaitwa kutoka ukumbini. Alikuwa amevaa suti ya harusi yao. Nyuma yake aliingia msimamizi wa ujenzi, ambaye hakuna aliyemwalika wala aliyemwuliza amefuata nini, akaegemea ukuta.

"Weka kiganja hapo," afisa alisema. "Tusomee siku ile ilikuwa na joto gani."

Karani aliweka kiganja juu ya kiraka. Jasho likamtoka kwanza kwenye paji la uso, kisha shingoni, likalowesha kola, likapita mkononi na kuanza kudondoka ukingoni mwa meza, tone baada ya tone, hadi pakawa na kidimbwi sakafuni na mhudumu akaitwa na kitambaa. Karani hakuuondoa mkono. Alimtazama mkewe, akamtazama mjane wa shemeji yake, akautazama ukuta ulioegemewa.

"Thelathini na moja," alisema.

Afisa aliandika na hilo. Kisha alieleza, kwa sauti ya upole, kwamba yeye binafsi hana shaka na kiraka. Kiraka kiko sahihi. Lakini daftari la kituo lina muhuri na kiraka hakina, na barua haiwezi kubadilishwa kwa kitu kisicho na muhuri, hata kiwe sahihi namna gani. Mjane aliuliza kama muhuri unaweza kugongwa juu ya kiraka. Afisa alilifikiria kwa dhati, akasema wino hautashika kwa jasho lile. Mfarishi ulipewa namba ya kielelezo na kubaki ofisini.

Nyumbani mshonaji hakupiga kelele. Alinunua kipimajoto chake, akakitundika dirishani, na kitanda cha karani akakihamishia chumba cha cherehani, ambako karani alilala miguu wazi. Waliendelea kula meza moja. Watu wa mtaani walisikia habari yote, wakaiamini yote, na kumwamkia karani kama kawaida. Mwoka mikate alisikitika, maana sasa unga wake ulichelewa kuumuka.

Miezi minane baadaye, baridi ilipoanza, shule ilitaka nakala ya barua ile kwa ajili ya watoto wa marehemu. Mshonaji alimsindikiza wifi yake. Walimkuta afisa amejifunika mfarishi magotini, pembe ya juu, ya buluu, ameikunja nyuma ya kiti isimfikie. Pembe ya mwezi wa kumi ilikuwa juu ya meza, na birika la chai limekalishwa juu ya kile kiraka cha njano. Afisa aliwaambia kwamba tangu kielelezo kifike wamekoma kununua mkaa. Aliwamiminia kila mmoja kikombe, kwa heshima, mikono miwili. Kisha akatoa jalada, akagonga muhuri juu ya nakala, na kwa kuwa sheria ilimtaka aisome kwa sauti, akaisoma: siku ya joto la wastani, bendera haikupandishwa, marehemu alikuwa amelewa.

Chai ilikuwa na joto la nyuzi arobaini na tatu. Mjane aliinywa yote, akainamisha kikombe mpaka tone la mwisho, akakunja barua na kuitia kwenye mkoba. Walipofika barabarani mshonaji alimwuliza amewezaje kunywa.

"Nilikuwa nimwachie afisa yule joto la siku ya mume wangu?" mjane alisema.

Kikombe chake mshonaji alikuwa amekiacha nusu.