Kompyuta Yenye Picha ya Mlima

Tangu kompyuta ya kuzamia ya Fabien izimike Jumatatu, Adélaïde alikuwa hakaliki. Anabandika maji ya fufu, anayasahau motoni. Anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa darasa la tano, anajikuta amempa mtoto mmoja alama mara mbili. Na Fabien, mume wake, anapiga mluzi. Ndivyo walivyo wazamiaji hawa: wao wanaingia majini, wake zao ndio wanaozama.

Jumamosi alipaswa kushuka mita hamsini na mbili, ziwani mbele ya mtaa wa Nguba, akafunge kamba kwenye injini ya boti la mizigo lililozama. Kina hicho si cha kwenda na kurudi kama mtu anayechota maji. Mzamiaji akipanda lazima asimame njiani, hapa dakika mbili, pale tano, karibu na juu nyingi zaidi, ili hewa iliyojibana mwilini itoke polepole. Kompyuta, ile inayofungwa mkononi kama saa, ndiyo inayomwambia: bado, bado, sasa toka. Ikikosea, mtu anatoka na mapovu ndani ya damu, na Bukavu nzima hakuna mashine ya kumtibu. Adélaïde hakuhitaji kuelezwa. Kila Jumapili kanisani alimwona papa Télesphore, mzee aliyemfundisha Fabien kuzamia, akipanda ngazi kwa magongo mawili. Mwaka wa tisa huu. Watu walisema mambamutu, jini la ziwani, alimshika miguu. Watu hawakosi la kusema.

Jumatano walienda kwa Steve, mchuuzi wa Nyawera anayeuza kila kitu isipokuwa mama yake. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, kioo cha rangi, nyembamba kama biskuti. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nene, kioo chake kama cha kikokotoo cha shule.

"Grand, kamata hii ya rangi," Steve alimwambia Fabien. "Iko na kila kitu. Hii ingine iko na ka-panne, iko mubovu kidogo."

"Panne gani?" Adélaïde aliuliza.

Steve aliiwasha ile ya kijivu. Pembeni kikatokea kijipicha cha mlima, vilele viwili. "Unaona, maman? Inafikiri tuko ku mulima. Na sisi tuko hapa chini, ku ziwa. Nimeizima, nimeiwasha, mulima haitoke."

Fabien alicheka, akajifunga ile ya rangi. Steve aliisifu mpaka mate yakamkauka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Adélaïde aliwaza, lakini hakuwa na sababu ya kushika, na moyo unaohangaika bila sababu hausikilizwi na mwanamume. Aliomba tu waiache mpaka kesho, wamuulize papa Télesphore kwanza.

Alhamisi baada ya masomo alienda peke yake kwa Télesphore. Alimkuta barazani, akamwaga maneno yake yote bila hata kukaa.

"Chukueni ya rangi," mzee alisema. "Hiyo ya mulima iko mubovu. Hata yangu ilikuaka na fasi ya kuandika altitude, urefu wa mulima. Niliiweka zéro na mukono yangu. Altitude ni ya batu ba mulima Kahuzi, mutoto wangu. Siye tuko chini kabisa, ku maji."

Adélaïde akakumbuka somo lake la jiografia. Kila mwaka aliwaandikia watoto ubaoni, wakaimba kwa pamoja mpaka madirisha yakatetema: Ziwa Kivu, mita elfu moja mia nne na sitini juu ya bahari. Miaka kumi na miwili anafundisha, na siku zote alipoteremka Nguba alijiambia anaenda chini. Chini ya nini? Chini ya Bukavu. Hata maji yenyewe yako juu ya mlima.

Alitazama miguu ya mzee na akakosa ujasiri wa kumwambia. Alisema aksanti papa, akaondoka karibu akikimbia.

Kwa Steve alidai kijitabu cha ile ya rangi. Ukurasa wa mwisho kabisa, Kifaransa cha herufi za sisimizi: isitumike juu ya mita mia saba kutoka usawa wa bahari.

"Maji ni maji," Fabien alisema nyumbani.

"Papa Ornella," Adélaïde alimwita kwa jina la mtoto wao, "kwenu kule chini Shabunda maharagi inaivaka saa ngapi?"

"Haichelewake."

"Na hapa?"

Fabien alilitazama gunia la makaa. Makaa ya nyumba hii aliyanunua yeye, na alijua maharagwe ya hapa yanavyoyamaliza.

"Ni hewa," Adélaïde alisema. "Hapa iko nyepesi, muzamiaji anapashwa kungoja zaidi. Sufuria inajua, ile ya mulima inajua. Ya rangi haijue. Niko na woga, na sitaficha."

Fabien alinuna, lakini Ijumaa alirudi na ile ya kijivu.

Jumamosi asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Botini walikuwa watatu: Fabien, Adélaïde na kamba ya ishara, na Télesphore na saa yake, kwa maana mzee alikataa mwanafunzi wake ashuke bila yeye. Fabien alishuka, injini akaifunga kamba, akaanza kupanda kituo kwa kituo. Kamba ikavutwa mara tatu: yuko kituo cha mwisho, mita sita.

"Dakika makumi mbili, atatoka," Télesphore alisema. Hesabu hiyo aliijua kichwani.

Ishirini zikapita. Ishirini na mbili. Maji kimya, mapovu tu. Adélaïde aliibana kamba mpaka vidole vikafa ganzi. Je, kama ni yeye aliyekosea?

"Kile kimashine kimeharibika," mzee alisema. "Kinamushikilia bure, baridi itamumaliza. Tumuvute." Akaikamata kamba kwa mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa bado na nguvu.

"Papa, acha."

"Mi njo nilimufundisha. Leta."

Hakukuwa na njia nyingine. "Papa," Adélaïde alisema, "njo ku dakika hii weye ulitokeaka. Zéro yako ilikudanganya. Si mambamutu. Tuko ku mulima, papa. Hata hapa ku maji."

Mzee alibaki ameshika kamba. Kisha akaiachia, kidole kwa kidole, akarudisha macho kwenye saa.

Fabien alipotoka alikuwa anatetemeka midomo. Aliushika ukingo wa boti, akajitupa ndani, akasimama kwa miguu yake miwili na kuomba chai.

"Alizidisha dakika ngapi?" Adélaïde aliuliza, ingawa alikuwa amehesabu.

"Dakika kumi na ine," Télesphore alisema. Akaizungusha saa mkononi. "Miaka kenda nimemuuliza Mungu nilimukosea nini. Kumbe dakika kumi na ine."

Adélaïde alimwachia Fabien chupa ya chai, akaenda kukaa karibu na mzee.