Viti vya Ruggero Kwenye Maegesho Yangu

Mji wetu wa Pietrascesa umejengwa ubavuni mwa genge, na barabara ni moja tu, nyembamba, upande huu mwamba, upande ule bahari chini kabisa. Ndiyo maana mahali pa kuegesha gari huku kwetu panapendwa kuliko mkwe. Pangu papo mbele ya mlango. Baba alipachonga mwambani kwa nyundo na patasi, na gari dogo linaingia, mradi ukunje vioo vya pembeni.

Kila kiangazi napangisha vyumba vya juu kwa watu wanaokuja na magari yao, kwa sababu basi halisimami karibu. Bila maegesho sina wageni, na bila wageni siwezi kubaki na nyumba. Ruggero Savarese, mwenye hoteli ya jirani, ameniambia mara nyingi kwamba siku nikichoka atainunua, aivunje, aweke bwawa la kuogelea. Bwawa, na bahari yote ile ipo pale chini!

Asubuhi moja ya Agosti nilifungua dirisha nikakuta viti vya hoteli yake, vya chuma cheupe na mito ya bluu, vimepangwa ndani ya maegesho yangu. Siku zote nafasi ile hulindwa na kiti changu cha jikoni, lakini kilikuwa kimevunjika mguu na nilikipeleka kwa seremala. Ruggero aliniona nikikibeba. Na mgeni wangu, Fulvia wa Bergamo, alikuwa njiani na mama yake mwenye magoti mabovu.

Mtu wa nje angeuliza kwa nini nisivitupe baharini. Huku kwetu kiti kikiwekwa barabarani ni sawa na mwenyewe kukaa pale. Mkono wa mtu mwingine haukigusi. Mwenyewe ndiye anayekiondoa, na akikiondoa mbele ya watu, ameiachia nafasi. Nimeishi kwa desturi hiyo tangu nifiwe na mume. Nikiivunja leo kwa hasira, kesho kiti cha mjane gani kitaheshimiwa?

Na hasira nilikuwa nayo. Nilisimama mlangoni nikimlaani Ruggero na ukoo wake, halafu nikatulia. Desturi inakataza mkono. Kuhusu makalio haisemi kitu.

Nikaenda nikakaa kwenye kiti chake kimoja. Jirani yangu Nunziata alipopita na kikapu cha mkate nilimwita, naye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alileta nyanya, dagaa wa chumvi na chupa ya divai, tukala pale pale, miguu juu ya mto wa bluu. Ruggero alitokea kwenye roshani yake akacheka, akatuambia tujisikie nyumbani, jua la mchana litatuondoa lenyewe. Nunziata alimjibu kwamba jua amelizoea, ni sura yake Ruggero ndiyo inayomchosha.

Jua lilikuwa utosini Fulvia alipofika na kigari chake, ameushika usukani kama mtu anayening'inia. Nyuma yake kulikuwa na basi. Mbele ilikuwa inakuja teksi. Aliniuliza apite aende wapi, na sauti ilikuwa karibu kulia.

"Huendi popote, mwanangu. Umeshafika. Zima gari."

"Mama, kuna basi nyuma yangu."

"Naliona. Zima, na ufunguo uutie mkobani."

Alinitazama, akamtazama mama yake, akazima. Basi likapiga honi, teksi ikajibu, na muda si mrefu barabara ilijaa mpaka kwenye kona ya pili. Watu wakashuka, kila mmoja na maoni yake. Dereva wa basi, kijana wa hapa hapa, alitaka kuvisogeza viti yeye mwenyewe ili apite.

"Kiguse," Nunziata alimwambia, "na mama yako atapata habari kabla hujafika mwisho wa safari."

Kijana akaweka mikono nyuma.

Ndipo mlango wa teksi ulipofunguliwa, akatoka bwana mmoja amevaa suti ya kitani, amelowa jasho, akaanza kuuliza hoteli ya Savarese iko wapi na kwa nini hakuna aliyekuja kumpokea. Ruggero alishuka ngazi mbio. Alisimama mbele yangu, uso umemwiva.

"Mafalda, inuka."

"Viti ni vyako, Ruggero. Vichukue."

"Nitavichukuaje mmevikalia?"

"Sema unavichukua, watu wote wasikie. Nitasimama mara moja."

Alimwangalia mgeni wake. Aliangalia foleni. Namjua tangu akiwa mtoto anayeogopa kuku, nikajua mdomo ule unavyopata tabu.

"Navichukua," alisema.

Nikasimama. Nunziata naye akasimama, akipangusa makombo taratibu sana. Ruggero alivibeba vyote mwenyewe, na barabara nzima ikimtazama, kisha Fulvia akakunja vioo, akaingia. Sitaficha: nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo.

Lakini Ruggero si mtu wa kushindwa mara moja. Kesho yake Fulvia alitaka kuizunguka pwani, maana ndicho alichokifuata, na viti vyeupe vilikuwa tayari vimesimama kwenye ngazi za hoteli vikingoja gari litoke. Fulvia aliviona. Akasema basi, watabaki nyumbani, isiwe taabu.

"Hukuendesha kutoka Bergamo uje kuogopa viti," nilimwambia kwa ukali. "Nenda. Rudi utakapotaka."

Gari lilipokuwa likitoka nilikuwa tayari nimesimama ndani ya maegesho na ndoo yangu, nikaigeuza, nikaikalia. Mama yake Fulvia, Bibi Ortensia, mwanamke mkimya ambaye tangu jana alikuwa hajasema zaidi ya salamu, alimwamuru binti yake asimame. Akashuka, akaomba aletewe kiti cha chumbani kwake, akakaa kando yangu. Alimwambia Fulvia kwamba bahari anaiona vizuri tu kutoka pale.

Tukawa tunamenya maharagwe. Ruggero alikuja mwenyewe, amechana nywele, na mimi hakunitazama. Alimwambia Bibi Ortensia kwamba kwenye roshani ya hoteli kuna kivuli, kuna kahawa, atakuwa mgeni wake siku nzima bila kutoa chochote, badala ya kuchomwa na jua barabarani pamoja na mtu mkaidi.

Bibi Ortensia aliunyoosha mguu wake mbovu mpaka ukafika mwisho wa mwamba, akaulaza mkongojo kuziba sehemu iliyobaki.

"Asante, bwana," alisema, macho kwenye maharagwe. "Hapa pana wenyewe."