Nyumba Yenye Mkanda

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Kalekye alichuchumaa katikati ya uwanja wake kule Kola, akapanga matofali sita kwa mviringo, akayasukuma kwa kiganja mpaka yakabanana. Halafu akaanza kuzunguka. Hivyo ndivyo kiondo, kikapu cha kusukwa, kinavyoanzishwa, na Kalekye alikuwa amesuka vyondo kwa miaka thelathini na minane. Ujenzi wa aina nyingine hakuujua.

Nyumba yake ya kwanza, aliyoijenga marehemu mumewe Ndunda, ilikuwa imeanguka katika mvua za Aprili. Fundi wa kumjengea nyingine angepatikana. Tatizo lilikuwa Bartholomew, kaka yake Ndunda, mwalimu wa dini kanisani na mtu wa kunyoosha kola ya shati kabla ya kusema jambo lolote. Bartholomew alisema kwamba katika ukoo wao msingi wa nyumba hufunguliwa na mwanamume wa boma, kwa jembe lake mwenyewe. Kalekye alikuwa na mabinti wawili, Linet na mdogo wake, wote wakifanya kazi viwandani Athi River. Mwanamume wa boma alikuwa amelala chini ya saruji karibu na mpapai.

"Wewe ngoja, Mama Linet," Bartholomew alimwambia. "Ukoo utakaa, uongee."

Ukoo haukukaa. Kalekye alilala jikoni mwaka mzima, nguo zake zote zikanuka moshi, hata ile ya kanisani. Mwishowe alimwendea shemejiye akamuuliza, "Na nikijenga bila msingi?"

Bartholomew alinyoosha kola. "Nyumba haina msingi," alisema, "hiyo ukoo hauna neno nayo."

Kalekye hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliwaita wanawake wa mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana na kuchimbiana kwa zamu, nao wakaja kumi na mmoja na majembe begani. Mwenyekiti wao, Mutheu, aliuliza wachimbe wapi.

"Leo hatuchimbi. Tunasuka."

"Sawa," Mutheu alisema, akavua viatu.

Walisuka kitako kwanza, tofali likipita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, wakizunguka na kuimba. Siku ya nne walianza kupandisha ukuta. Matofali yalikuwa yale yale ya nyumba iliyoanguka, na yalipotakiwa kujipinda yalijipinda. Dirisha lilikuwa kioo cha mbele cha lori, kilichotoka gereji moja mjini Machakos, na stika ya bima ilikuwa bado imebandikwa. Chupa za soda walizipachika ukutani kwa safu, za kijani na nyeupe, ili mwanga uwe na nakshi. Kwa paa walipasua mapipa. Hapakuwa na kona hata moja, jambo lililomfurahisha Kalekye, kwa sababu kona ndizo zilizokuwa zikimaliza ufagio wake.

Kazi ilipokwisha aliitazama nyumba akaona haijakwisha. Alitafuta ngozi ya fahali, akaikata mkanda wa upana wa shibiri mbili, akaushona pande mbili za nyumba kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia.

"Mkanda wa nini tena?" Mutheu aliuliza.

"Kiondo bila mkanda utamuuzia nani?"

Mutheu akashika ncha ya pili ya mkanda. Yeye pia alikuwa msusi.

Kalekye aliipenda nyumba ile bila aibu. Asubuhi aliamka mapema kuliko haja, akakaa kitandani kutazama rangi ya kijani ikitembea ukutani.

Wiki iliyofuata Bartholomew alikuja na miche ya avokado kwenye toroli. Alisema mahali palipokaa nyumba ndipo penye udongo mzuri, basi shemeji asogee kidogo. Kalekye aliinama, akapitisha mkanda kwenye paji la uso, akasimama. Nyumba ikasimama naye. Haikuwa nyepesi. Ilikuwa na uzito wa madebe mawili ya maji, na huo alikuwa ameuzoea tangu utotoni. Alitembea hatua thelathini, akaitua. Mutheu alikuwa ndani akinywa chai, akaendelea kunywa.

"Chunga hayo majani ya viazi," Bartholomew alimwambia.

Siku chache baadaye alitaka pale pa pili pawe zizi. Kisha akataka pale pa tatu, bila kueleza pa nini. Kalekye alihama mara tano kabla ya Desemba. Kila mara alisema moyoni kwamba hii ndiyo ya mwisho, na hasira ikampanda mpaka masikio yakapata moto, lakini alibeba. Shamba lilikuwa nusu eka tu. Mara ya tano kisigino kimoja cha nyumba kilikuwa kwenye nyasi za barabarani.

Hapo ndipo alipofika Wesley, kijana wa kukagua majengo, na fomu yake kwenye ubao.

"Mama, habari? Hii nyumba iko na ramani?"

"Iko hapa," Kalekye alisema, akamwonyesha kiondo.

Wesley alikigeuza, akakipima kwa rula, akaandika. "Upana na urefu?"

"Ni duara."

"Fomu haina duara. Nitaandika zote mbili sawa. Na kutoka kwa mpaka, ni mita ngapi?"

"Leo ama kesho?"

Wesley alifikiri. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyependa kujaza kila mstari. Alisema kitu kinachobebeka si jengo, ni mzigo, na ofisi yake haina fomu ya mizigo. Alimpa Kalekye nakala, iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa: SI JENGO.

Bartholomew alipoiona karatasi ile, ukoo ukakaa wiki hiyo hiyo, kuamua shamba ni la nani.

Walikutana Alhamisi alasiri kwenye uwanja nyuma ya soko, wazee saba kwenye viti vya plastiki. Kalekye alikuja na nyumba mgongoni kwa sababu alikuwa na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, motoni na hakutaka uungue. Kabla hawajamaliza kusalimiana, mvua ilianza. Wazee walitazama juu, wakatazama nyumba, wakabeba viti vyao wakaingia. Walisifu zile chupa. Kalekye aliwapa chai, na Bartholomew akaongezwa kikombe cha pili.

Mzee Maundu, mkubwa wa wote, alipangusa masharubu. "Mama Linet, hii nyumba iko na msingi?"

"Haina."

"Na inabebwa?"

"Umeona nikiibeba, mzee."

"Basi hiyo kesi ni ndogo. Mtu ako na nyumba mgongoni hajakosa pa kukaa. Shamba ni la mwenye ako na haja nalo. Ni la Bartholomew."

Kalekye aliweka birika chini. "Ni Bartholomew aliniambia nijenge bila msingi."

Wote walimgeukia Bartholomew. Akanyoosha kola.

"Na alinisikia," alisema. "Huyu mama ni mtiifu. Mimi namsifu."

Wazee waliitikia kwamba kweli, utii siku hizi umekuwa adimu.

"Na matuta je?" Kalekye aliuliza. "Zile fanya juu zote, nimechimba mimi na mwethya. Miaka ishirini."

"Yako na mkanda?" Maundu aliuliza.

"Hayana."

"Basi hayo yanabaki."

"Na Ndunda?"

Mzee Maundu alitua kikombe chini, kwa heshima. "Huyo wamemwekea saruji, mwaitu, mama yetu. Hakuna mahali anaenda."

Kalekye alitaka kulia, na alikuwa na haki ya kulia, lakini wazee saba walikuwa wamekaa mpaka kwenye kitanda chake na hapakuwa na mahali pa kugeukia. Mvua ilizidi. Mzee Maundu alichungulia kupitia kioo cha lori, akasema magoti yake hayapatani na matope. Mwingine akasema hata yake. Wakamtazama Kalekye.

Akatoka nje, akavaa mkanda, akawapeleka. Alimshusha kila mmoja langoni kwake, na kila mmoja alishukuru. Maundu alimbariki. Ndani waliobaki walimaliza muthokoi.

Bartholomew alikuwa wa mwisho. Aliomba ashukie shambani kwa Ndunda, aone avokado zinaendeleaje kabla giza halijaingia. Lango la pale lilikuwa jembamba, na nyumba ilipita kwa kuvuta pumzi. Bartholomew alitoka, akajinyoosha, akapiga ukuta makofi mawili ya upendo.

"Hii kazi ni safi, Mama Linet. Mtu angekuwa na mkono kama wako angeenda mbali." Kisha akaelekea kwenye matuta. "Ukitoka ufunge lango. Kuna mbuzi hapo barabarani."

Kalekye alitoka, nyumba ikavuta pumzi tena. Alilifunga lango kwa nje, akaanza kuteremka na mvua. Hatua kumi hivi, akasimama. Akarudi, akalitikisa lango kuona kama limeshika vizuri, kwa maana mbaazi zake kwenye matuta zilikuwa zimeanza kutoa maua.