Kiwiko cha Kamanda

Tiara ya tatu ilipiga pua chini kwa kishindo, na kabla hata vumbi halijatulia, Kamanda alikuwa ameshafungua mdomo.

"Umechelewa tena! Hivi masikio yako huwa unayaacha nyumbani?"

Aliyekaripiwa ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, mama mzima mwenye watoto wanaosoma. Aliyameza maneno yake. Mwaka mzima alikuwa akimeza, na kama maneno yangenenepesha, asingepita mlangoni.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Kushoto alisimama Kamanda, mwalimu wa udereva, ambaye ndiye aliyetoa amri. Katikati alisimama mume wa fundi, kinyozi. Fundi mwenyewe alikuwa kulia kabisa. Kila mmoja alishika nyuzi mbili, kitanzi kimoja kila mkono. Ukivuta wa kulia tiara inageukia kulia, ukivuta wa kushoto inageukia kushoto. Hayo mtu yeyote hujifunza. Kazi ni kurusha tatu kama moja: zipande pamoja, zizunguke pamoja, halafu ziporomoke zote kichwa chini na kusimama ghafla usawa wa goti, bila kugusa nyasi. Macho yanabaki kwenye tiara yako. Masikio ndiyo yanayofanya kazi. Kamanda husema "tayari," tiara zinaporomoka, kisha "sasa," na kwenye "sasa" mikono yote sita inavuta.

Mporomoko huo ndio uliomtia fundi aibu. Ya Kamanda inasimama, ya kinyozi inasimama, yake inachimba shimo.

Na tiara zote tatu alizishona yeye! Alikata kitambaa, akapinda kingo, akaongeza viraka kwenye pua, akazinyoosha nyuzi kwenye nguzo za goli mpaka zikalingana kabisa. Kutwa nzima huwa ameinama kwenye cherehani, shingo imekakamaa, macho kwenye sindano. Uwanjani hapa ndipo mahali pekee anapoinua uso. Alizipenda jioni hizi kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Sasa maonyesho ya tiara yalikuwa Jumamosi, na Kamanda alikuwa amekuja na mgeni.

"Huyu ni mfamasia," alisema. "Gari nimemfundisha mwenyewe, na tiara anajua kurusha. Leo ajaribu nafasi yako. Akiweza, Jumamosi anaingia yeye. Usininunie, mdogo wangu. Timu ni timu."

Fundi alimgeukia mumewe. Kinyozi alikuwa ameinama anakagua fundo lisilo na tatizo lolote. Riziki yake ni kukubaliana na kila anayekaa kwenye kiti chake, na tabia hiyo hakuwahi kuiacha saluni.

"Shemeji anajua anachofanya," aliliambia lile fundo.

Basi fundi akavua vitanzi, akampa mgeni. Mfamasia alivipokea kwa mikono miwili na kusema, "Samahani, dada," na kwa kweli alionekana ameona haya.

Tiara zikapanda. Zilipendeza, hilo halina ubishi. Kamanda akapaza sauti: "Tayari!" Zikaporomoka. "Sasa!" Mbili zikasimama. Ya tatu ikapiga pua palepale.

"Si mbaya!" Kamanda alicheka. "Mgeni huyo, atazoea."

Si mbaya! Kwa mwaka mzima fundi hakuwahi kupewa hata hiyo "si mbaya" moja. Alienda kuiokota tiara, na kwa kuwa pua ilikuwa imechanika, akapiga magoti nyuma yao na kutoa sindano. Kamanda alikuwa amesogea pembeni kunywa maji. Ndipo alipomsikia mumewe akimnong'oneza mfamasia.

"Usiifuate sauti yake. Ibia jicho, angalia kiwiko chake. Kikirudi nyuma tu, vuta. Ukingoja 'sasa' utaanguka kila siku."

"Kumbe!" mfamasia alijibu. "Hata kwenye gari yuko hivyo hivyo. Anakanyaga breki yake kwanza, halafu ndiyo anakwambia 'breki.'"

Sindano ilimchoma fundi kidole, wala hakuisikia.

Alikumbuka sebuleni kwao, jinsi alivyokuwa akisimama na vipande viwili vya kamba vilivyofungwa mlangoni, amefumba macho, akimwomba mumewe amtolee amri. Naye alikuwa akimtolea, sawasawa kabisa, huku amejilaza kwenye kochi. "Mbona uko vizuri?" alikuwa akimwambia. "Labda ukifika uwanjani unapata wasiwasi." Wasiwasi! Na yeye akaamini, akaanza kujiuliza kama uzee umemwingia masikioni.

Alisimama. "Umejua tangu lini?"

Kinyozi aligeuka kama aliyefumaniwa. "Mama watoto, sikujua kama uko hapo—"

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu… mwanzo mwanzo."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekwambia ungemvaa shemeji. Unajijua ukipandwa. Timu ingevunjika. Nikaona bora amani."

"Amani ya nani?" Sauti yake ilipanda mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani wakageuka. "Mimi nilikuwa na amani gani? Nilikuwa natukanwa, wewe umesimama katikati, umejaa tele, unavuta kwa wakati! Mgeni wa leo umempa siri siku ya kwanza. Mimi niliyezaa na wewe nimechimba mashimo mwaka mzima!"

Kamanda alirudi na chupa yake. "Kuna nini tena?"

Hapo fundi alimtolea uvivu. "Kuna wewe. Unavuta kwanza, halafu ndiyo unasema. Wanaokusikiliza wote wanaanguka."

"Mimi?" Kamanda alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Shemeji, hebu mwambie."

Shemeji alitazama viatu vyake.

"Asiniambie kitu. Shikeni nyuzi, wote watatu. Amri natoa mimi."

Labda ni ile sauti. Walishika. Fundi aliimaliza mishono yake miwili ya mwisho bila haraka, akakata uzi kwa meno, akamrudishia mfamasia tiara, kisha akasimama nyuma yao. Tiara zikapanda mpaka juu kabisa.

"Tayari!" Zikaporomoka. Akapumua. "Sasa!"

Ya mfamasia ilisimama usawa wa goti, imetulia. Ya Kamanda ikasimama kando yake, maana mkono wa Kamanda ni hodari akiambiwa la kufanya. Iliyopiga pua ni ya kinyozi. Alikuwa bado anakingoja kiwiko, na safari hii kiwiko kilingoja neno.

"Tena," fundi alisema.

Wakarudia, na kinyozi akaanguka tena.

Kamanda alizitazama zile tiara mbili zilizolingana, kisha ile iliyolala. Uso ulimshuka. "Mdogo wangu," alisema polepole, "Jumamosi utatoa amri wewe. Mimi nimekukosea." Kisha akamwangalia mfamasia. "Sasa sijui huyu nimwambie nini."

"Mwambie abaki."

"Na shemeji?"

Kinyozi alisogea, akashusha sauti. "Mke wangu, tutayazungumza nyumbani."

"Hapana. Utayazungumza hapa. Sema mbele ya kaka yangu: mwaka mzima, ni nani alikuwa sahihi?"

Jibu lilikuwa jepesi, na kila mtu pale uwanjani alilijua. Kinyozi alifungua mdomo, lakini kabla hajasema kitu, alimtupia jicho Kamanda.

Fundi hakungoja zaidi. Alimvua vitanzi, kimoja halafu kingine, akavivaa mwenyewe na kwenda kusimama katikati.