Mpaka Kikapu cha Kwanza

Wimbo wa taifa ulikuwa umekwisha, mpira umerushwa katikati, mchezo umeanza, na watu elfu tatu mia moja na kumi na wawili walikuwa bado wamesimama. Wanafunzi upande wa kaskazini, sisi wenye tiketi za msimu upande wa kusini, tukipiga makofi kwa mwendo mmoja kama watwangao. Hapa Ellerby, kwenye mpira wa kikapu wa chuo chetu, hatuketi mpaka timu yetu ifunge kikapu cha kwanza. Hakuna anayejua nani aliianzisha desturi hiyo. Mimi niliikuta mwaka 1979, nikaishika, na tangu hapo sijaketi kabla ya wakati hata mara moja.

Jumamosi ile ya mwisho wa Februari, kusimama kwangu kulikuwa na sharti.

Nyonga yangu ya kushoto imekwisha. Daktari alinionyesha picha: mfupa juu ya mfupa, hakuna kitu katikati. Alitaka kunipasua Januari. Nilimwambia tupange Aprili, msimu ukiisha. Akasema mfupa haufuati ratiba ya ligi. Nikamwambia mimi naifuata. Kisha, tarehe tisa Januari, nikaanguka kwenye ngazi za ukumbi nikishuka kutoka safu ya sita, na binti yangu Corrine, anayenileta kwa gari kila mchezo, akaamua kwamba imetosha.

"Mama, ile ngazi itakuua," alisema jikoni kwangu.

"Ngazi haijamgusa mtu. Ni mimi niliyeanguka."

"Kule juu ghorofani kuna lifti. Kuna viti vya watu wa rika lako. Wanaketi, wanatazama mpira, wanarudi nyumbani na mifupa yao yote."

"Kule juu ni chumba cha kungojea daktari."

Tukabishana wiki nzima, mwisho tukaandika mapatano, kwa kuwa mimi na yeye hatuaminiani kwa maneno matupu. Katika mchezo wa mwisho wa ligi, nikiweza kusimama bila kushika kitu mpaka kikapu cha kwanza, kiti changu, namba kumi na nne, safu ya sita, kitabaki changu, naye hatalizungumzia tena jambo hilo. Nikishindwa, nitahamia juu. Corrine alimteua mjomba wake Merle awe shahidi. Merle ni mdogo wangu. Alisoma Chuo cha Kings Ferry, ng'ambo ya Mto Ohio, na mchezo huo ulikuwa dhidi ya Kings Ferry. Kila mwaka huja na koti lake la buluu, husimama kando yangu kati ya mavazi ya kijani, na hutukanwa na watu wanaompenda. Hapakuwa na mtu katika ukumbi mzima mwenye sababu kubwa zaidi ya kutamani kikapu chetu kichelewe.

Sikukubali kwa kiburi. Nilikuwa mpima ardhi wa wilaya hii kwa miaka thelathini na minne, na sikuwahi kusaini kitu ambacho sijakipima. Nilichukua kumbukumbu za michezo kumi na mitatu tuliyocheza nyumbani msimu huu. Kwa wastani kikapu chetu cha kwanza kiliingia baada ya dakika moja na sekunde nne. Kilichochelewa kuliko vyote kilichukua dakika mbili na sekunde hamsini na moja. Kisha nikasimama jikoni, mikono nimeikunja kifuani, nikiitazama saa ya jiko: dakika nane na sekunde arobaini, ndipo mguu ulipokataa. Mara tatu ya nilichohitaji. Nikasaini.

Na ulikuwa mchezo ambao nisingependa kuutazama kutoka juu. Tangu 1911 tumekutana nao mara mia moja sitini na saba: wao wameshinda themanini na nne, sisi themanini na tatu. Zaidi ya hapo, tulikuwa wa tano kwenye msimamo. Timu nne za juu huanzia mashindano ya ligi nyumbani, zilizobaki husafiri. Katika miaka thelathini na minane ya mashindano hayo, hakuna timu iliyoanzia ugenini ikatoka na ubingwa, na bingwa peke yake ndiye aendaye mashindano ya taifa. Sisi tulikwenda mara ya mwisho mwaka 1994. Tukishinda Jumamosi, tungekuwa wa nne na Jumanne tungecheza nyumbani. Tukishindwa, matumaini yangekuwapo, lakini ya kuambiana tu.

Mpira wetu wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili pia. Wa tatu haukugonga kitu.

"Dada," Merle alisema, saa yake ya mkononi ameinua hadi usawa wa pua, "vijana wenu wamekula nini leo? Mikono imejaa siagi."

"Wewe tazama saa. Mikono waachie wenyewe."

"Naitazama. Saa haijanifurahisha hivi tangu siku niliyooa."

"Mjomba, nyamaza," alisema Corrine. Alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, akiutazama mguu wangu badala ya uwanja.

Kings Ferry walifunga, wakafunga tena, wakafunga cha mbali, cha alama tatu. Saba kwa sifuri. Kijana wetu mmoja, Renner, alipiga mpira kwa pembe mbaya, ukakwama kati ya chuma na ubao, ukakaa pale kama yai. Mwamuzi akaurukia, akashindwa. Mchezaji akaurushia kiatu, akakosa. Mfanyakazi wa usafi akatumwa alete ufagio, naye akaja bila haraka yoyote, kama mtu alipwaye kwa saa.

"Leteni na ngazi kabisa!" Merle alipaza sauti. "Huenda wakipanda ngazi watafunga!"

"Mvueni koti huyo!" mtu alijibu kutoka nyuma.

"Mke wangu alilishona kwa mikono yake, bwana. Ukilivua, utamweleza wewe."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maumivu yalikuwa yameanza kushuka kutoka nyongani kuelekea gotini, na kwa hesabu zangu hayakupaswa kufika bado. Baada ya ufagio waamuzi walikwenda kwenye skrini yao kuchunguza kiwiko cha mtu. Baada ya kiwiko likaja pumziko la matangazo ya televisheni. Ubao wa alama ulionyesha tumecheza dakika nne na sekunde kumi na tatu. Bado nina dakika nne na ushee, nikajiambia.

"Dakika nane kasoro kidogo," Merle alisema. Alikuwa ameacha utani.

"Nne na sekunde kumi na tatu." Nikamwonyesha ubao kwa kidevu.

"Hiyo ni saa ya mpira, dada. Inasimama mpira ukisimama. Nyonga yako inacheza kwa saa gani?"

Niliutazama ubao, namba zake nyekundu zimetulia tuli huku bendi ikipiga na wacheza densi wakirushana hewani, na nikaona nilichofanya. Michezo kumi na mitatu nilikuwa nimeipima kwa saa ya uwanjani. Mguu wangu nilikuwa nimeupima kwa saa ya jikoni. Mwaka 1991 nilimwachisha kazi msaidizi wangu kwa kuchanganya futi na yadi katika ramani moja; uzio wa mkulima ukaingia ndani ya shamba la jirani, na yule msaidizi aliapa machozi yakimlengalenga kwamba alihakiki mara mbili. Nilimwambia kuhakiki kosa mara mbili ni kulikosea mara tatu. Mimi nilihakiki mara nne. Sikuwa nimepima kitu. Nilikuwa nimetamani, kisha nikayavika matamanio yangu namba ili yapite mlangoni bila kuulizwa.

Mchezo ukaendelea. Kumi na moja kwa sifuri. Renner akaangushwa chini ya kikapu, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza ukatoka. Wa pili ukaingia.

Ukumbi ulilipuka kana kwamba tumetwaa ubingwa. Upande wetu watu wakaanza kutazamana, magoti yao yamekunjika nusu. Wengi hawakuwa wamewahi kukutana na jambo hilo na hawakujua linahesabiwaje.

"Tumepata!" alisema mtu wa safu ya saba. "Keti, mama, keti upumzike."

"Mama, alama imeingia," Corrine alisema upesi. "Ubao unasema moja. Keti."

Nikamgeukia shahidi. Merle aliniangalia mguu, akaniangalia uso. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na miaka yote sijamjua mtu wa Kings Ferry aliyekosa nafasi kama hiyo.

"Alama ni alama," alisema. "Kwangu mimi umeshinda. Keti, dada."

Ilikuwa imetokea mara moja kabla, Februari 1988. Mtupo wa adhabu uliingia kwanza, na wazee wa wakati ule, ambao leo wote wamezikwa, hawakuketi. Mtupo wa adhabu hupewa. Kikapu hufungwa wakati mtu mwingine anakuzuia. Nilikuwa mtu pekee wa safu ile aliyekuwapo siku hiyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kunikanusha. Ningeweza kuketi na desturi ingebadilika pale pale, bila kelele, kama mpaka wa shamba unavyosogea usiku mmoja na asubuhi kila mtu akalima kuufuata.

"Hicho si kikapu," nilisema.

"Mama!"

"Hicho si kikapu!" nikarudia kwa sauti ya kazini, sauti ya kuwafikia watu ng'ambo ya bonde, na magoti yaliyokunjika yakanyooka safu baada ya safu, hadi kwa wale wa mlangoni.

"Wewe mwanamke," Merle alisema, "una kichwa kama nguzo ya mpaka."

Dakika ya tisa ilipita kwa saa yake. Tukakosa mipira mingine mitatu. Niliubana mguu, nikahamishia uzito kulia, nikapumua kama nilivyofundishwa. Dakika ya kumi ikapita. Kisha nyonga ikaacha kuuma, na nilijua maana yake: mguu haukuwapo tena. Nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua. Kiti kilikuwa nyuma yangu, inchi chache. Ningeketi na ningeshindwa. Ningeshika kitu na ningeshindwa vilevile, kwa mujibu wa karatasi niliyoiandika mwenyewe. Kwa hesabu ya mapatano hapakuwa na tofauti yoyote kati ya mambo hayo mawili.

Nilishika bega la Merle, vidole vikazama katika lile koti la buluu, nikabaki nimesimama.

Hakugeuka. Alisogea tu nusu hatua, bega likakaa vizuri zaidi chini ya mkono wangu.

"Sikuona kitu," alisema akiutazama uwanja.

"Uliona. Wewe ni shahidi. Sema."

Akavuta pumzi. "Corrine," alisema kwa sauti ya chini, kama aletaye habari ya msiba, "mama yako ameshika. Dakika kumi na robo."

"Basi yaishe," alisema Corrine. "Mama, miguu yangu mimi inauma! Ile karatasi ilikuwa ya kukutisha tu. Ichane."

"Nilisaini."

Tulisimama hivyo dakika mbili nyingine. Mwishowe Acklin, kijana mfupi kuliko wote, aliokota mpira uliopotea katikati ya miguu ya watu, akapita wawili, akaubandika ubaoni. Uliingia. Kumi na tatu kwa tatu. Ukumbi mzima uliketi kwa mshindo mmoja, na mimi nikaketi pamoja nao, wa mwisho katika safu, kwa sababu vidole havikutaka kuliachia koti.

Tulishinda sitini na moja kwa sitini. Nitasema jinsi ilivyokuwa: hatukuwa bora kuliko wao. Walikosa mitupo tisa ya adhabu na sisi hatukuchoka. Themanini na nne kwa themanini na nne.

Merle alinishusha ngazi, hatua moja moja, Corrine akitangulia mbele kunizuia nisianguke.

"Wewe umepoteza kiti, mimi nimepoteza mchezo," Merle alisema. "Nani mjinga zaidi kati yetu?"

"Wewe. Mimi Jumanne nina mpira."

Mapatano yalisema nihamie msimu ujao. Lakini sikuona sababu ya kungoja; mtu akijua mstari uko wapi, asimame kwenye mstari. Jumanne jioni nilipanda lifti. Corrine alikwenda kununua kahawa. Kule juu palikuwa kama nilivyodhani: mablanketi magotini, fimbo zimeegeshwa, mwanamke mmoja anafuma soksi. Mbele ya safu ya kwanza kulikuwa na chuma cha kujishikilia, imara, urefu wa futi tatu na nusu. Uwanja wote ulionekana, pembe zote nne, kama ramani.

Mpira ukarushwa. Chini, ukumbi ulikuwa wima. Huku juu watu waliketi, wakiwatazama wale wa chini kama watazamavyo mvua ya mtaa mwingine. Nikakishika kile chuma kwa mikono yote miwili, nikainuka.

Mzee wa kiti cha pili, aliyevaa kofia ya kijani iliyopauka, aliniangalia muda kidogo.

"Bibie, wimbo wa taifa umeshakwisha."

"Najua."

"Kuna kitu umeangusha?"

"Hatujafunga bado," nilisema.

Aliutazama uwanja. Alizitazama fimbo zake mbili, moja moja, kama mtu anayekadiria mzigo. Kisha akaliweka boksi lake la bisi chini ya kiti, akaushika ule mwisho mwingine wa chuma, akaanza kuinuka. Kule chini mpira wetu wa kwanza uligonga ubao, ukazunguka chuma mara moja, mara mbili, ukatoka.