Daraja la Wepesini

Uvumi ulimganda Bi Zuwena kama masizi ya sufuria: kwamba watoto wa Wepesini wameanza kukanyaga hewa. Akiosha vyombo, uvumi upo. Akisuka mkeka, upo. Na binti yake Mishi kila asubuhi alivuka korongo kwa daraja kwenda shule.

Wepesini ilikuwa nchi ya majumba meupe juu na vibanda chini, kati yake korongo lenye ukungu usioisha, na juu ya wote Mtukufu Kengeza, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni kabla ya salamu zake. Kila nyumba aliigawia Kioo cha mchezo chenye kijiti cha kuongozea. Ukikisukuma, unaiona nchi ile ile kana kwamba unatembea ndani yake kwa macho yako mwenyewe.

Mwanzoni Kioo kilikuwa na adabu. Mafundi walilifunga jicho la mchezaji mle kiooni shingoni na shingo mwilini, wakatia mtambo wa uzito: ukigonga ukuta unasimama, ukiruka unashuka, ukitazama juu shingo inakataa kupinduka. Siku hizo Bi Zuwena na Mishi walicheza bega kwa bega mkekani, na mtoto akijikwaa kizingitini mle kiooni, jicho likayumba, mama alisema, "Pole, mwanangu," utadhani ukucha umeng'oka kweli. Walicheka hadi uji ukaungua. Uji ule ulioungua, hajapata kunywa mwingine mtamu kama huo.

Kisha Mtukufu akateleza kiooni mbele ya wageni wake. Akaamuru mtambo ung'olewe. Tangu hapo jicho lilielea bila mwili, likapenya kuta, na yeye akawa wa kwanza kuelea hadi maghalani mwa watu kuchungulia nani ana mahindi ya kutozwa. Kwa kuwa hapakuwa na wa kujikwaa, neno "pole" likakauka vinywani. Na mbao za daraja la kweli, kwa kuwa kiooni haanguki mtu, zikabanduliwa moja moja zikawa sakafu ya ikulu.

Siku ya kuzindua daraja jipya, watu walijaa ukingoni, kila mmoja na Kioo chake. Kiooni daraja liling'aa. Mishi akanyanyua mguu.

Bi Zuwena akamdaka upindo wa gauni.

"Mama, niache bwana. Mbao hizi hapa, tazama."

"Kiooni hata mimi sina magaga miguuni. Rudi."

"Unanitia aibu. Mtukufu mwenyewe anavuka."

"Avuke. Huyo sikumzaa mimi."

Mtukufu akavuka, macho kiooni, mkono ukipunga. Hatua ya kwanza ilikuta jiwe. Ya pili ilikuta ukungu.

Hakuna aliyetamka lile neno. Wapo wanaodai watu walikuwa wamelisahau. Wapo wanaodai lilikuwa mdomoni, wakalimeza. Viooni mwao Mtukufu aliendelea kuvuka, akipunga, na ng'ambo haifiki.

"Mama," Mishi akanong'ona, mguu umesharudi, "hivi mtu akianguka huambiwaje?"

Bi Zuwena hakuuachia upindo.

"Tukifika nyumbani nitakukumbusha."

Basi mwenye mtoto ajiepushe na haya:

Kioo kisicho na uzito.
Jicho lisilo na shingo.
Daraja ambalo kisigino chako hakijalijaribu.
Kuachia upindo kwa kuona haya mbele za watu.
Kiongozi ambaye hajawahi kuambiwa pole.